Bolti M12 au bolti ya 19?

Milimita si ngeni Tabora: Reli ya Kati, iliyofuata kwa sehemu kubwa njia ya misafara, ilifika huko mwaka 1912 ikiwa na upana wa milimita 1000. Hata hivyo, mafundi wa gereji huita bolti kwa namba ya spana inayoifungua. “Bolti ya 19” ya fundi kwa kawaida ndiyo M12 ya mchoro. Mfasiri asiyelijua hilo humwagizia mteja bolti nene isiyoingia tunduni.

Katika M12 × 1.75 × 60, M huonyesha hesi za mfumo wa metriki, 12 ni kipenyo cha nje cha hesi, 1.75 ni umbali kutoka mzingo mmoja wa hesi hadi unaofuata, na mara nyingi huachwa kwa kuwa ndio wa kawaida. 60 ni urefu chini ya kichwa (parafujo ya kichwa cha kuzama hupimwa pamoja na kichwa chake).

Ø husomwa “kipenyo” tu. Tundu la Ø13 halina hesi. M12 hupita humo. Kwa hiyo M isitafsiriwe “kipenyo”, ibaki M. Namba ya spana nayo haitoshi: kwa M12, kiwango cha zamani cha Ujerumani (DIN) hutaka 19, cha kimataifa (ISO) 18.