Beto isiyopitisha maji: kutoka Mwadingusha mpaka parsele za Kakanda

Kakanda – Umeme wa migodi ya eneo la Likasi ulianzia kwenye ukuta wa beto. Ukuta huo uko Mwadingusha, kwenye mto Lufira, mahali Wabeleji walipopaita Maporomoko ya Cornet. Kituo kilianza kutoa umeme mwaka 1930, na maji yaliyozuiliwa yakafanya ziwa Tshangalele, ambalo mpaka leo linalisha wavuvi. Union Minière haikuweza kuvumilia ukuta unaovuja: bila umeme, kiwanda cha Shituru hakitoi shaba safi.

Baadaye vikaja Koni mwaka 1950, Nzilo karibu na Kolwezi, kisha Nseke mwaka 1956. Vituo hivyo vilipewa majina ya Wazungu waliopita Katanga miaka ya 1890: Francqui, Bia, Delcommune, Le Marinel. Hakuna hata kimoja kilichopewa jina la mtu aliyebeba mchanga.

Simenti ya miaka ya kwanza ilitoka mbali, kwa reli iliyofika Elisabethville mwaka 1910 ikitokea Rhodesia. Halafu kikajengwa kiwanda cha Lubudi, kwa sababu kule mawe ya chokaa yako karibu na njia ya treni. Likasi nayo, ilipokuwa ikiitwa Jadotville, ikapata kampuni yake: Ciments Métallurgiques de Jadotville. Jina lenyewe linasema kazi yake. Simenti ya namna hiyo huchanganywa na skori iliyosagwa, yaani ule uchafu mgumu unaobaki tanuru likiisha kuyeyusha madini.

Kwa nini kutia uchafu wa tanuru ndani ya simenti? Beto, au zege kama wanavyosema watu wa Mashariki, inaonekana kama jiwe, lakini ndani ina vijitundu vingi sana. Simenti ikishikana na maji inatoa gundi, na pamoja na gundi inatoa chokaa. Maji yakipenya, yanaiyeyusha ile chokaa na kuitoa nje. Yale madoa meupe yanayoonekana chini ya tangi la zamani ndiyo chokaa hiyo. Skori inayofaa inaikamata chokaa na kuigeuza kuwa gundi nyingine, vijitundu vinazibika, na beto inastahimili zaidi maji yenye salfati. Mjerumani Emil Langen alionyesha nguvu ya skori iliyopozwa ghafla kwa maji mwaka 1862. Waroma walikuwa wamefika karibu na hapo zamani sana, kwa majivu ya volkano na unga wa matofali ndani ya chokaa.

Si kila skori inafaa, lakini. Ile nyeusi ya terili ya Lubumbashi ni ya shaba, ina metali nzito, na hakuna mtu anayepaswa kuisaga nyumbani kwake.

Jambo hili linagusa zaidi familia zilizohamishwa na zinazoanza upya, kwa sababu tangi au sakafu ndiyo inayomaliza fedha, na ikivuja hakuna ya pili. Kosa kubwa halitoki kwenye simenti, linatoka kwenye ndoo. Fundi anaongeza maji ili beto itiririke vizuri na mkono usichoke. Maji ya ziada yanapokauka yanaacha njia, na njia hizo ndizo maji ya mvua yatakazopitia. Duff Abrams alilieleza jambo hili Chicago mwaka 1918: maji yakizidi kulingana na simenti, nguvu inapungua. Kwa mfuko wa kilo 50, litre 25 hivi zinatosha, na zipunguzwe kama mchanga umelowa.

Kosa la pili ni la kiangazi. Kuanzia mwezi wa tano upepo wa Katanga ni mkavu, na beto iliyomwagwa asubuhi inapauka kabla ya jioni. Watu wanafurahi kwamba imekauka. Kumbe imekatishwa kazi: simenti inahitaji unyevu ili iendelee kushikana. Ifunikwe kwa magunia yaliyolowa au plastiki kwa siku saba angalau, na kwa tangi zaidi ya hapo.

Mchanga nao una maneno yake. Mchanga wa mto ulioosha unafaa. Ule wa masalio ya machujio ya mgodi, hata ukipatikana bure, unaweza kuwa na salfati na vumbi la udongo, na salfati huvimbisha beto kutoka ndani mpaka ipasuke.

Mwadingusha ilipotengenezwa upya, mitambo sita ilibadilishwa, na mwaka 2021 kituo kikarudi kwenye mtandao kikiwa na megawati 78. Mitambo ilikuwa imechoka. Ziwa lilikuwa bado pale pale. Kwa tangi la nyumbani kipimo ni kidogo zaidi: lijazwe, liwekwe alama ya kalamu penye usawa wa maji, lifunikwe, na asubuhi alama iangaliwe kabla ya kumlipa fundi salio lake.