"Una malaria na taifodi": damu yetu inaficha nini?

Umeshaambiwa mara ngapi kwamba una malaria na taifodi? Kama umekulia Tanzania nadhani hesabu ulishaipoteza. Unaingia na homa, unatobolewa kidole, unakaa kwenye benchi, unaitwa jina, unatoka na mfuko wa vidonge. Nimejiuliza siku nyingi: haya magonjwa mawili yalipataje hatimiliki ya homa zetu zote? Nikaanza kupekua, na upekuzi ukanipeleka upande wa Nyabibuye.

Kwa msiopajua, Nyabibuye ni kata ya Kakonko, wilaya iliyokatwa kutoka Kibondo mwaka 2012. Ni Uha, nchi ya vilima, na mpaka wa Burundi hauko mbali. Ukishuka hadi Ujiji, ukavuka Ziwa Tanganyika na kufuata njia ya zamani ya misafara, unafika Kasongo, Kongo. Hapo ndipo alipofia daktari Mwingereza Joseph Dutton, tarehe 27 Februari 1905, akiwa bado kijana. Yeye na mwenzake John Todd walitumwa kutoka Liverpool kuchunguza malale, wakajikuta wanachunguza homa ya papasi. Walithibitisha kwamba papasi ndiye anayeieneza. Wote wawili iliwapata, na Dutton haikumwacha. Kipindi hichohicho Mjerumani Robert Koch alikuwa huku kwetu, akiwakusanya papasi kwenye vibanda walimolala wapagazi, naye akafikia jibu lilelile. Kijidudu kikapewa jina la marehemu: Borrelia duttonii. (Wapagazi waliolala humo na kuumwa, wao majina yao hayakuandikwa popote. Tuyaache hayo.)

Sasa angalia jambo hili. Dutton na Koch waliweza kukiona kijidudu hicho kwa sababu mgonjwa akiwa katikati ya homa kinajaa kwenye damu. Tone moja chini ya hadubini, unakiona kimejisokota kama skurubu. Vimelea vya malaria nao ni hivyohivyo, mara nyingi ni maelfu kwa maelfu katika kila mililita. Vimelea vya malale navyo huonekana. Na kinachoonekana hupata jina, kikishapata jina hupata bajeti, na wakati mwingine hupata hata polisi! Miaka ya 1930 Serikali ya Waingereza iliwahamisha maelfu ya Waha wa Kibondo na Kasulu kutoka mashamba yao na kuwakusanya kwenye makazi maalumu kwa sababu ya malale. Wazee wa Uha walizikuta familia zao zimetawanywa kwa uamuzi ulioanzia kwenye kioo cha maabara.

Bakteria wanaoingia kwenye damu ni kisa kingine kabisa. Mtu mzima anaweza kuwa mahututi huku mililita moja ya damu yake ina bakteria wasiofika kumi, pengine mmoja. Hadubini haiwezi kumwona huyo. Itabidi damu iwekwe kwenye chupa yenye chakula cha bakteria, ikae kwenye joto, wazaliane hadi waonekane. Kisha waoteshwe tena ili wajulikane ni akina nani na dawa gani inawaua. Ni siku mbili, tatu, nne. Ajabu ni kwamba Koch huyuhuyu wa papasi ndiye aliyeifundisha dunia kuotesha bakteria, miaka ya 1880. Ufundi huo haukubaki kwenye vibanda vya wapagazi. Kwetu ulikaa miaka na miaka kwenye hospitali kubwa chache, na wilayani ikabaki hadubini.

Basi homa yoyote isiyoeleweka ikaitwa malaria. Na taifodi? Hiyo inatoka kwenye kipimo cha Widal, cha Mfaransa mmoja, mwaka 1896. Hakimtafuti bakteria mwenyewe, kinatafuta alama ambazo mwili umeacha baada ya kupambana. Ulipata taifodi zamani, au ulichanjwa? Kinaweza kukuambia unayo leo.

Gharama ya kutoona ilikuja kuhesabiwa. Utafiti uliochapishwa 2004 kutoka hospitali kumi za kaskazini mashariki mwa Tanzania uliwafuatilia wagonjwa 4,474 waliolazwa na kutibiwa malaria kali. Waliokutwa na vimelea ni asilimia 46.1. Zaidi ya nusu walikuwa na kitu kingine! Muhimbili, 2001 hadi 2002, watafiti waliotesha damu za watoto 1,828 waliolazwa na dalili za maambukizi. Karibu mmoja kati ya saba alikuwa na maambukizi kwenye damu. Waliokuwa na bakteria wa kundi la Gram hasi walikufa asilimia 43.5, wenye malaria asilimia 20.2. Na dawa walizoanzishwa mara nyingine hazikuwaua bakteria hao kabisa, kwa sababu ya usugu. Soma tena hizo namba. Ugonjwa tunaouogopa zaidi ulikuwa unaua chini ya nusu ya ule tusioujua jina.

Ndipo vinaingia vipimo vya vinasaba. PCR, ufundi wa kuzidisha kipande kidogo cha kinasaba hadi kionekane, ulibuniwa na Kary Mullis mwaka 1983. Shirika la Afya Duniani likaidhinisha GeneXpert kwa kifua kikuu Desemba 2010, jibu chini ya saa mbili. Kwa damu, Marekani iliruhusu mwaka 2013 mashine ya FilmArray, inayotaja bakteria zaidi ya kumi na baadhi ya alama za usugu kwa takribani saa moja.

Saa moja! Nami nilisisimka. Lakini hiyo saa moja inaanza kuhesabiwa baada ya chupa kuotesha. Hata GeneXpert, ambayo Tanzania imeizoea kwa TB, ina katriji ya kutambua stafilokokasi wa kwenye damu, na nayo inataka chupa iliyokwisha kuota. Wasiokuwa na chupa na kabati la joto hawana cha kuiingizia mashine.

Mwaka 2018 Marekani iliruhusu kipimo kinachosoma damu yenyewe bila chupa, T2Bacteria, saa tatu hadi tano. Nikaitafuta orodha ya bakteria kinaowatambua. Kiliporuhusiwa walikuwa watano. Salmonela hayumo, na ndiye mmoja wa wanaokutwa sana kwenye damu za wagonjwa Afrika kusini mwa Sahara, ndiye pia mwenye taifodi ile tunayosingiziwa kila wiki. Orodha iliandikwa kwa kuangalia vitanda vya wagonjwa wa kwao.

Na papasi wa Dutton? Mwaka 2003 vinasaba vilitumika Dodoma, kwenye damu za watoto wa kijiji cha Muungano. Akapatikana Borrelia wa aina nyingine, tofauti na duttonii. Miaka karibu mia moja hadubini ilikuwepo, na ilikuwa haijawatenganisha.