eDumper
eDumper ni lori kubwa la umeme la machimboni. Liliundwa nchini Uswisi katika miaka ya 2010 kwa kubadilisha lori la dizeli aina ya Komatsu HD 605-7. Lina betri ya lithiamu yenye uwezo wa takriban kilowati-saa 600, na hubeba mawe ya kutengenezea saruji karibu na mji wa Biel.

Katika machimbo hayo mawe huchimbwa mlimani na kupakuliwa chini. Lori hupanda likiwa tupu, na uzito wa tani 45 hivi, kisha hushuka na shehena ya tani 65. Wakati wa kushuka mota yake hufanya kazi kama jenereta: hupunguza mwendo na kuchaji betri. Katika lori la kawaida nishati hiyo hupotea kwenye breki kama joto. Shehena ya tani 65 ikishuka mita 100 hutoa takriban kilowati-saa 18, ingawa sehemu yake hupotea kabla ya kufika kwenye betri.

Faida hiyo hutegemea mteremko. Katika mgodi wa shimo la wazi lori hupanda na mzigo, hivyo betri huisha haraka na ni lazima ichajiwe kwa umeme kutoka nje.