Ifahamu kariloni: Kengele za mnarani zinazopiga wimbo vyuoni

Kwenye shule nyingi za vijijini, kuanzia Kibaha hadi Kisarawe, kengele inaweza kuwa rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini. Ikigongwa, watoto wanajua: ni kuingia darasani au kwenda nyumbani. Lakini vipo vyuo vikuu duniani ambavyo kengele zake hupiga wimbo mzima. Ala hiyo inaitwa kariloni.

Ni nini hasa?
Ni mkusanyiko wa kengele zisizopungua 23, zilizopangwa kutoka sauti nene hadi nyembamba na kufungwa juu ya mnara. Hutengenezwa kwa shaba iliyochanganywa na bati.

Inapigwaje?
Mpigaji hukaa mnarani mbele ya vipini vya mbao. Hatumii vidole, anagonga kwa ngumi, na kengele kubwa anazipiga kwa kukanyaga kwa miguu. Kila kipini kimeunganishwa kwa waya na ulimi wa kengele yake. Kengele yenyewe haiyumbi.

Akigonga taratibu, sauti inatoka laini. Akigonga kwa nguvu, inaunguruma. Ndiyo maana hata wimbo wa kubembeleza unapigika.

Ugumu uko wapi?
Kengele ikishalia haizimwi, inafifia yenyewe. Mpigaji akiharakisha, sauti zinagongana. Akikosea, mji mzima umesikia! Kwa hiyo mazoezi hufanyika kwenye ala ndogo ndani ya chumba.

Inapatikana wapi?
Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani, kina kariloni ya kengele 72. Berkeley wana 61, na Yale wana 54 ambazo hupigwa na wanafunzi wenyewe.

Iliyopita kwenye moto
Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, kina historia nzito. Mwaka 1914 majeshi ya Ujerumani yaliichoma maktaba yake. Ilipojengwa upya, wahandisi wa Marekani walichangia kariloni ya kengele 48 kuwakumbuka wenzao waliokufa vitani, ikazinduliwa mwaka 1928. Mwaka 1940 vita ikarudi, maktaba ikaungua tena.

Hawakukata tamaa. Mwaka 1983 kariloni ilifufuliwa, na leo ina kengele 63.

Kuisikiliza hakuna kiingilio. Anayepita njiani na profesa aliye ofisini wanasikia wimbo uleule, bure kabisa.