Elimu Iliyotawanyika Haitibu

Msomaji, yamkini umepata kuona shamba la mtama baada ya mavuno. Punje nyingi zimo, lakini zimetapanyika chini ya majani, na mwenye njaa aweza kupita juu yake asishibe. Elimu nayo huwa hivyo. Huweza kuwapo duniani, ikaandikwa na kupigwa chapa, na watu wakafa kwa kuikosa, kwa sababu hapana aliyeinama kuiokota na kuipima katika kibaba kimoja. Insha hii yaeleza habari za watu walioifanya kazi hiyo ya kuinama, na njia ambayo kijana wa leo aweza kuishika akawa mmoja wao.

Mwaka 1972, madaktari wawili wa Auckland katika nchi ya New Zealand, Liggins na Howie, walitangaza matokeo ya jaribio lao. Mtoto azaliwaye kabla ya miezi yake kutimia huwa na mapafu machanga. Hupumua kwa taabu, na wengi hufa katika siku za mwanzo. Liggins alikuwa akichunguza uzazi wa kondoo, akaona kwamba wanakondoo waliotiwa dawa ya namna ya steroidi wangali tumboni walizaliwa mapema, na mapafu yao yalipata hewa kuliko alivyotazamia. Basi yeye na mwenziwe wakaijaribu dawa hiyo kwa wanawake waliokuwa karibu kujifungua kabla ya wakati. Kura ndiyo iliyoamua nani apewe na nani asipewe. Watoto wa mama waliopewa waliokoka kwa wingi zaidi.

Habari hiyo ilistahili kuenea upesi, lakini haikuenea. Majaribio mengine yalifuata, mengi yao madogo. Moja lilionyesha faida dhahiri, jingine lilionyesha faida ya mashaka. Daktari aliyesoma la kwanza alisadiki, na aliyesoma la pili alisita. Kila mmoja alishika punje yake akadhani ndiyo shehena nzima. Mwaka 1990 ndipo yalipotangazwa mapitio yaliyokusanya majaribio 12, yenye washiriki zaidi ya 3,000, na kuyapima pamoja. Jibu likawa wazi: dawa yaokoa maisha. Hata hivyo, ilipita miaka mingine 4 kabla baraza la wataalamu huko Marekani halijahimiza itumiwe kwa wingi. Tangu 1972 hadi 1994 ni miaka 22. Hesabu mwenyewe, msomaji, ni watoto wangapi waliozaliwa na kuzikwa katika muda huo, na dawa yao imelala kabatini.

Palikuwa na mtu aliyeuona upungufu huo mapema. Jina lake Archie Cochrane, daktari aliyezaliwa Scotland mwaka 1909. Katika vita kuu ya pili alitekwa huko Krete mwaka 1941, akawatibu mateka wenziwe kambini akiwa na dawa haba. Katika shida hiyo alijifunza kujiuliza swali ambalo madaktari wengi walilikwepa: je, tiba hii nitoayo yafaa kweli, au twaifuata kwa mazoea tu? Mwaka 1972, mwaka ule ule wa habari ya Auckland, alitoa kitabu kuhusu jambo hilo. Mwaka 1979 aliwalaumu waganga wenziwe kwamba hawajaweka muhtasari wa majaribio yote ya kila tawi la tiba, wenye kuhakikiwa na kufanywa upya kila baada ya muda.

Lawama ya haki ni mbegu. Iain Chalmers, daktari wa Uingereza, aliipokea pamoja na wenzake, wakaanza kwa kukusanya majaribio ya uzazi. Cochrane alifariki mwaka 1988. Mwaka 1992 kituo chenye jina lake kilifunguliwa Oxford, na mwaka 1993 ukaanzishwa ushirika wa mataifa mengi kwa kazi hiyo. Nembo yake ni mchoro wa majaribio ya dawa ile ya watoto wachanga, ili asisahau mtu gharama ya kuchelewa. Afrika nayo haikubaki nyuma: mwaka 1997 tawi lilianzishwa Afrika Kusini.

Labda wauliza kazi yenyewe hufanywaje. Mtafiti huanza na swali moja lililo wazi, kisha huandika kanuni zake kabla hajatazama majibu, ili moyo wake usimpendeleze. Halafu hutafuta kila jaribio lililofanywa, lililopendeza na lisilopendeza. Watu wawili huyachagua mbalimbali, kila mmoja peke yake, kisha hulinganisha. Hupima uaminifu wa kila jaribio, na mwisho hujumlisha kwa hesabu ya takwimu. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini haba chafu huchafua kibaba kizima, kwa hiyo kupepeta ni sehemu ya kazi.

Wala usidhani kwamba jibu likipatikana mara moja limepatikana milele. Jaribio kubwa lililofanywa katika nchi 6, Kenya ikiwamo, na kutangazwa mwaka 2014, lilieneza dawa ile ile hata mahali ambapo umri wa mimba haukujulikana vema. Wengi waliopewa hawakuzaa watoto wadogo, na vifo katika jumla ya watoto viliongezeka. Mwaka 2020 likatangazwa jaribio jingine, la wanawake 2,852 katika hospitali 29 za nchi 5, Kenya ikiwamo tena. Hapo umri wa mimba ulipimwa kwa uangalifu. Katika kila watoto 100 wa mama waliopewa dawa walikufa karibu 20, na wa mama wasiopewa karibu 24. Dawa ni moja. Mahali na matunzo ndivyo vilivyotofautiana. Ushahidi wa Auckland pekee haukutosha kuiongoza Kenya. Walihitajiwa watu wa hapa kuutafuta ushahidi wa hapa na kuuunga na wa kwingine.

Hapo ndipo nafasi yako ilipo, kijana. Njia huanza na shahada ya kwanza: yaweza kuwa ya tiba, uuguzi, famasia, takwimu, au hata ukutubi, kwa maana mkutubi hodari ndiye ajuaye pa kutafuta. Hufuata shahada ya pili, kisha shahada ya uzamivu, ambayo aghalabu huchukua miaka 3 au zaidi. Neno hilo latukumbusha mzamiaji, aingiaye kilindini peke yake na kuibuka na kitu ambacho hakikuonekana juu. Taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1979, ina mradi wa Kilifi uwaleao wanafunzi wa uzamivu; na elimu ya kupitia ushahidi hufundishwa pia Stellenbosch huko Afrika Kusini na Liverpool huko Uingereza. Kazi hii haihitaji maabara ya fahari. Yahitaji hesabu, lugha, subira, na moyo usioogopa kumwambia mkubwa kwamba desturi yake haina ushahidi.

Hutapigiwa vigelegele kwa kazi hiyo. Mama atakayempakata mtoto wake hai hatalijua jina lako. Lakini mtoto atapumua. Basi inama, uokote punje.