Wanja, Poda na Ngozi Kavu: Madini Tunayojipaka Yalitoka Wapi?

 

Leo tunazungumza juu ya vipodozi vinavyotokana na mawe na madini. Tunavyo majumbani: wanja, poda ya mtoto, na ile poda ya uso inayosifiwa siku hizi kuwa ni "madini matupu, ya asili", inayofaa ngozi kavu au ngozi inayodhurika upesi. Akina mama wengi huuliza, "Je, hii ni salama kwangu? Je, ni salama kwa mtoto wangu?" Ili tujibu vizuri, itatubidi turudi nyuma kidogo, tuone madini haya yalitufikiaje na yamewafanyia nini waliotutangulia.

Wanja wa tangu zamani

Wanja si jambo geni hapa pwani. Wataalamu wa mambo ya kale walipochimbua magofu ya Kilwa katika miaka ya 1960, chini ya Neville Chittick, walikuta vijiti vya shaba vya kupakia wanja. Vijiti hivyo vilikuwa vya wanawake walioishi mamia ya miaka kabla yetu. Kabla yao, watu wa Misri walijipaka wanja zaidi ya miaka 4,000 iliyopita.

Bibi zetu walikuwa na wanja wa namna mbili. Wa kwanza ni wa nyumbani, wa masizi. Utambi uliwashwa katika mafuta au samli, chombo kikafunikwa juu ya moshi, masizi yakakwanguliwa na kuhifadhiwa. Wa pili ni wanja wa manga, yaani wa jiwe, uliokuja na majahazi ya kaskazi kutoka Uarabuni. Jiwe hilo jeusi linalometameta lilipondwa na kusagwa mpaka likawa laini kama unga.

Hapo ndipo penye jambo la kujua. Wengi wetu tumefundishwa kwamba jiwe la wanja ni ithmidi, lile linalotajwa katika mafundisho ya dini. Ithmidi kwa kawaida huelezwa kuwa ni madini ya antimoni. Lakini jiwe linalouzwa mara nyingi si hilo. Ni galena, jiwe linalofanana nalo sana kwa macho, nalo ndilo linalotoa risasi, yale madini mazito ya kutengenezea betri za gari. Mwaka 1998 watafiti wa Oman walichapisha matokeo ya kupima wanja uliouzwa nchini mwao. Baadhi ulikuwa galena, na mwingine ulikuwa kaboni tu, yaani masizi. Kwa kuutazama wanja huwezi kujua ni upi. Wote ni mweusi, na wote unapendeza. Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Basi mama, fikiria desturi yetu. Mtoto akizaliwa, kabla ya arobaini, hupakwa wanja machoni na kwenye nyusi. Wengine humtia doa jeusi kwenye paji la uso ili jicho la husuda lisimpate. Nia ni njema, ni mapenzi ya mama na bibi. Lakini mtoto hupangusa macho kwa mkono, kisha mkono huo huo huenda mdomoni. Risasi haipenyi ngozi kwa urahisi. Njia yake kubwa ni mdomo. Na mtoto mdogo hunyonya risasi mwilini mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima anapoimeza.

Risasi tunaijua hapa kwetu

Pengine utasema, "Bibi yangu alijipaka wanja maisha yake yote na hakufa." Ni kweli. Risasi haiui kwa siku moja. Huingia mwilini kidogo kidogo na kujificha katika mifupa, mahali pa kalsiamu. Mama akishika mimba, mifupa huitoa tena, ikampata mtoto tumboni. Mtoto mwenye risasi hupungukiwa damu, huumwa na tumbo, hukosa choo, huchelewa kusema, na akifika shuleni huwa mzito wa kushika masomo. Kinachoharibika zaidi ni ubongo, na ubongo ulioharibika namna hiyo haurudi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa ni salama.

Sisi wa Mombasa bara tusihitaji kuelezwa sana. Kijiji cha Owino Uhuru, karibu na Mikindani, katika eneo lililokuwa Changamwe na sasa ni Jomvu, kilijifunza jambo hili kwa uchungu. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi kando ya nyumba za watu. Moshi na maji machafu viliingia kijijini. Watoto waliugua, mimba ziliharibika. Phyllis Omido, mama aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, aliona mtoto wake mwenyewe akiugua, na vipimo vikaonyesha risasi. Akaanza kuwaunganisha wanakijiji. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, naye mwaka 2015 akatunukiwa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikaubatilisha uamuzi huo mwaka 2023, na mwezi wa Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurudisha.

Mama, sumu iliyowafikisha watu wa Owino Uhuru mpaka Mahakama ya Juu ndiyo hiyo hiyo inayoweza kuwa ndani ya kichupa cha wanja mezani kwako. Kiasi si sawa, lakini madini ni yale yale. Ya kiwandani tuliandamana kuyapinga. Ya kwenye kichupa tunayapaka kwa mikono yetu.

Poda nyeupe iliyowaua watoto

Wala si sisi peke yetu. Kule Ulaya, mabibi wa kitajiri walijipaka usoni rangi nyeupe ya risasi kwa mamia ya miaka. Ngozi yao ilichubuka na kukauka, nao wakazidi kujipaka ili kuficha madoa, yaani dawa ya ugonjwa ikawa ndiyo ugonjwa wenyewe.

Japani yalitokea makubwa zaidi. Watoto wachanga waliokuwa wakinyonya walipatwa na ugonjwa uliofanana na homa ya uti wa mgongo: degedege, kutapika, na wengi kufa. Kwa miaka mingi madaktari hawakujua sababu. Ilikuwa mwaka 1923 ambapo Profesa Ikutaro Hirai, daktari wa watoto huko Kyoto, alionyesha kwamba chanzo ni poda nyeupe yenye risasi waliyojipaka akina mama usoni, shingoni mpaka kifuani. Mtoto akinyonya, poda ilimwingia mdomoni. Katika miaka ya 1930 serikali ya huko ikapiga marufuku utengenezaji wa poda ya namna hiyo.

Hawa hawakuwa akina mama wazembe. Walikuwa wanawake waliojipamba kama ilivyokuwa desturi ya wakati wao, na hakuna aliyewaambia.

Zebaki na tamaa ya weupe

Madini mengine ya kutisha ni zebaki. Sabuni na krimu za kujichubua zilitiwa zebaki kwa sababu huzuia ngozi kutengeneza rangi yake. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika katika jarida la madaktari la Uingereza habari za wagonjwa 60 wa figo, waliovimba mwili kwa sababu ya kupoteza protini kwenye mkojo. Zaidi ya nusu yao walikuwa wametumia krimu za kujichubua zenye zebaki.

Nchi za Ulaya zilikataza zebaki katika vipodozi vya watu wao mwaka 1976, lakini sabuni ziliendelea kutengenezwa huko na kuletwa Afrika. Ilichukua mpaka mwaka 2003 kwa Umoja wa Ulaya kukataza kuzisafirisha nje. Hapa Kenya vipodozi vya zebaki vimepigwa marufuku kwa zaidi ya miaka 20 sasa. Hata hivyo mkorogo bado unauzwa kwa kificho, mara nyingi katika chupa isiyo na jina. Ngozi iliyozoea mkorogo huwa nyembamba, kavu na yenye kuwasha. Usiipake poda ya aina yoyote juu yake ukidhani umeitibu. Acha mkorogo kwanza, umwone daktari.

Madini yaliyo mema

Je, madini yote ni mabaya? La, hasha. Ile dawa ya pinki ya kalamini tunayompaka mtoto mwenye vipele vya joto ni madini ya zinki na kutu ya chuma kidogo, na ndiyo kutu inayoipa rangi. Mafuta ya mgando, yale ya kopo, hutokana na mafuta ya petroli. Mmarekani Robert Chesebrough alipata hataza yake mwaka 1872, na mpaka leo ni msaada mkubwa kwa ngozi kavu. Hata poda za kisasa za madini kwa kawaida huwa na zinki, titani, mika na kutu ya chuma. Ngozi nyingi huzivumilia vizuri, hasa zisipotiwa manukato.

Shida ni kwamba poda ni poda. Kazi yake ni kunyonya mafuta na jasho. Ngozi kavu haina mafuta ya kutosha, kwa hiyo poda huzidi kuikausha na kujikusanya kwenye magamba. Nasi tuna maji ya visima yenye chumvi, jua kali na sabuni kali za kufulia ambazo wengine huogea. Aidha, baadhi ya poda hizo zina madini ya bismuthi yanayofanya zing'are, nayo huwasha watu wengine.

Poda ya mtoto nayo tuitazame. Kwa miaka mingi ilisagwa kutoka jiwe laini liitwalo talki. Unga wake mwepesi ukipeperuka huingia mapafuni mwa mtoto na kumdhuru. Kampuni ya Johnson & Johnson, baada ya kesi nyingi Marekani, iliacha kuuza poda ya talki duniani kote mwaka 2023 na kubaki na ile ya wanga wa mahindi. Lakini hata hiyo ya wanga mtoto akiivuta si nzuri. Mtoto mchanga hahitaji poda. Anahitaji kukaushwa vizuri penye mikunjo ya shingo, kwapa na mapaja, na kubadilishwa nepi mapema.

Ufanye nini basi?

Kwanza, usitie wanja wala kitu chochote machoni mwa mtoto, hata ule wa masizi, maana huleta uchafu na maambukizi. Dawa ya macho ya mtoto mchanga ni ile anayopakwa na mkunga anapozaliwa. Bibi akisisitiza, usimvunjie heshima. Mwambie, "Bibi, dua yako yatosha. Dua haina risasi."

Pili, wewe mwenyewe ukiwa mjamzito au unanyonyesha, acha wanja wa jiwe usiojua ulikotoka. Usijipake poda wala krimu kifuani, na nawa mikono kabla ya kumshika mtoto.

Tatu, ikiwa una ngozi kavu na wapenda kujipamba, nawa kwa maji safi na sabuni isiyo kali. Jipake mafuta au krimu isiyo na manukato, ungoje dakika kadhaa yaingie, kisha upake poda kidogo sana. Usiku ioshe yote. Usiazime brashi ya mtu.

Nne, kipodozi kipya kijaribu kwanza ndani ya mkono, karibu na kiwiko, kwa siku mbili. Kikiwasha au kuvimbisha, si chako, hata kama kimemfaa jirani.

Tano, usinunue kisicho na jina la mtengenezaji, orodha ya vilivyomo na alama ya Shirika la Viwango. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Sita, mtoto aliyepakwa wanja kwa muda mrefu, naye amepauka, haongezeki au amechelewa kusema, mpeleke kituo cha afya kilicho karibu nawe. Chukua na kichupa cha wanja, umwonyeshe mhudumu, uulize kuhusu kipimo cha risasi katika damu. Usione haya. Hakuna atakayekulaumu kwa jambo ambalo hukuambiwa.

Mama mpenzi, neno "asili" lisikudanganye. Risasi ni ya asili, zebaki ni ya asili, na zote hutoka ardhini kama zinki. Uliza kilichomo, wala usitosheke na sifa. Wale akina mama wa Japani hawakupata wa kuwaambia. Wewe umeambiwa leo, nawe mwambie mwenzio, kisimani, sokoni Kongowea au kwenye chama.