Nishani Isiyo na Jina



Somo letu leo ni Yoshua 4. Israeli walipovuka Yordani, Mungu aliagiza mawe 12 yatolewe mtoni. Kwa nini? Ili siku moja mtoto aulize maana yake, na mzazi awe na jibu. Jiwe halisemi lenyewe. Lazima awepo wa kulisemea.

Sasa sikiliza habari hii. Mnamo 5 Februari 1944, msafara wa meli uliondoka Mombasa kwenda Colombo. Mojawapo iliitwa Khedive Ismail. Haikuundwa kwa ajili ya vita. Ilijengwa Scotland mwaka 1922 kubeba abiria wa Chile, ikiitwa Aconcagua. Mwaka 1935 kampuni ya Misri ikainunua na kuibadilisha jina. Vita ilipokuja ikawekwa kubeba wanajeshi.

Ndani mlikuwa na watu 1,511. Kati yao, 996 walikuwa wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki: vijana wetu na maofisa wao. Walikuwemo pia wanawake 83, wengi wao wauguzi.

Jumamosi tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Japani I-27 iliipiga kwa torpedo mbili. Meli ilizama kwa muda wa kama dakika mbili tu. Manowari Petard na Paladin zikaiwinda ile nyambizi hadi zikaizamisha, lakini mabomu yalirushwa majini huku manusura wakiwa bado wanaelea. Watu 1,297 walikufa. Wanawake waliopona ni 6.

Mpendwa, picha za meli hiyo zipo hadi leo. Lakini sura ya kijana aliyeaga mama yake akapanda meli Mombasa, utaiona wapi? Hakuna kaburi la kupalilia. Kilichobaki ni majina kwenye mnara wa kumbukumbu, katika makaburi ya vita pale Ngong Road, Nairobi.

Wengine walirudi kutoka vita ile, wakaja huku Meru na Embu wakalima. Nyumbani kwenu huenda kuna mkebe wa zamani wenye nishani ya babu aliyekuwa Keya. Itazame. Upande mmoja kuna Mfalme George wa Sita. Upande wa pili simba amesimama juu ya joka. Zungusha ukingo wake. Kwa kawaida nishani zile za Uingereza hazikuchongwa jina la mwenyewe. Mzee anayejua ilikuwa ya nani akilala, inabaki chuma tu, na mjukuu ataiuza kwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu.

Ufunuo 20:13 inatuhakikishia kwamba bahari itawatoa wafu wake. Mungu hajapoteza hata mmoja. Lakini mawe ya Yordani hakuwaachia malaika wayaeleze, aliwaachia wazazi.

Kwa hiyo wiki hii, toa ile picha ukutani. Andika nyuma yake kwa penseli: jina, ukoo, kijiji, mwaka. Kama hujui, nenda kwa shangazi au mzee wa ukoo umuulize angali hai. Kisha waite watoto uwasimulie.

Baba, wakumbuke waliopotelewa na wao baharini bila kuwazika. Tupe midomo ya kuwajibu watoto wetu. Katika jina la Yesu, Amina.

Mbarikiwe.